Nilivyomwidhinisha Mama Mkwe Kuchukua Barua ya Rael

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili mtu asipoteze muda kunitetea. Lilikuwa langu mimi, pamoja na nywele zangu, ambazo wiki hiyo nilikuwa nimezitia dawa na kuziseti kwa rola kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Mume wangu anajua nusu yake, ile nusu ambayo mimi si mbaya sana. Wewe msomaji nakueleza yote, kwa sababu hunijui, na hata ukinicheka hatutakutana soko la Kapsoit.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ndogo mjini Kericho. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Kazi yetu ilikuwa kuwaandikia watu barua za kuomba kazi, malalamiko kwa chifu, mikataba ya kukodisha mashamba. Nilikuwa na taipureta, kiti cha kuzunguka na muhuri wa mpira wenye jina la ofisi.

Ule muhuri ndio ulioniharibu. Mpe msichana wa miaka ishirini na mitano muhuri, kisha umtazame anavyoanza kuwasalimia watu kwa kidevu. Hata nikimwandikia mama yangu kuomba debe la mahindi, nilianza na "kuhusu jambo lililotajwa hapo juu". Mama yangu hakujua kusoma. Aliyemsomea alikuwa akiiruka hiyo sehemu kwa huruma.

Sasa nikuambie juu ya Rael. Hilo si jina lake. Tulianza darasa la kwanza pamoja, tukachapwa pamoja, tukaolewa mwaka mmoja. Yeye aliolewa boma la jirani yetu pale Kapsoit. Mume wake, nimwite Wesley, aliendesha mashine katika kiwanda kimoja huko Thika, na nyumbani alionekana Krismasi na Pasaka. Siku zilizobaki za mwaka Rael aliishi na watoto wawili, ng'ombe watatu, shamba la chai lililoshuka mpaka mtoni, na mama mkwe wake.

Huyo mama mkwe sote tulimwita Bot Wesley, yaani mama yake Wesley, ndivyo tunavyowaita akina mama kwetu. Sitaki kumsema vibaya. Hapana, acha nimseme kidogo.

Alikuwa mama wa kanisa, sauti ya chini, kitambaa cheupe kichwani, na aliijua thamani ya mikono ya watu. Mikono ya Rael ilichuna chai kuliko mikono yoyote pale kijijini. Kikapu chake kilifika kituoni mapema, majani mawili na chipukizi, bila takataka, na karani wa kituo hakuwa na la kukataa. Bot Wesley alimsifu mbele ya watu. "Huyu mtoto ni Mungu alinipatia," angesema, kwa sauti ile ile aliyotumia kumsifu ng'ombe wake wa gredi.

Rael mwenyewe alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuishi na mume wake. Aliniambia siku moja tukifua: "Nataka watoto wangu wasikie baba yao akiamka asubuhi. Akikohoa, akitafuta viatu. Si kumuona na shati mpya Krismasi tu." Mtoto wake wa pili, Cherono, alikuwa na miezi kumi wakati huo. Baba yake alikuwa amembeba siku tisa tu tangu azaliwe.

Huwezi kuelewa kosa langu bila kujua jinsi barua zilivyosomwa kwetu. Barua ya mtoto aliye mbali haikuwa ya mtu mmoja. Ilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, ikatangazwa, ikafika nyumbani, ikangojewa mpaka Jumapili. Baada ya kanisa watu waliketi sebuleni, chai ikamiminwa, na mtu mwenye masomo akaisoma kwa sauti. Kila salamu ilipotajwa, aliyesalimiwa aliitikia kana kwamba Wesley yuko mlangoni.

Kwa Bot Wesley msomaji nilikuwa mimi. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilipandisha sauti kwenye salamu, nikaishusha kwenye habari za ugonjwa. Wesley naye alijua barua zake husomwa mbele ya watu, ndiyo maana miaka yote hakuandika chochote ndani yake zaidi ya salamu na mvua ya Thika.

Kwa hiyo siku alipotuma barua ya rejista, kwa jina la mke wake, ya kutiwa sahihi posta, mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilikuwa na muhuri. Sikujiuliza.

Taarifa ya posta ilifika siku Rael anajiandaa kwenda Soin kumuuguza mama yake, aliyekuwa amelazwa na malaria. Alinijia nyumbani asubuhi, mtoto mgongoni, akanipa vitu vitatu: ile taarifa, kitambulisho chake, na karatasi ya daftari aliyoandika kwa kalamu, kwamba amenituma mimi rafiki yake nimchukulie barua.

"Wewe uko Kericho kila siku," akasema. "Nichukulie, na ukae nayo mpaka nirudi Jumatano ile ingine. Usipatie mtu."

"Hii karatasi yako haina hata kichwa," nikamwambia. "Ngoja nikuandikie ya maana kwa taipu."

"Hiyo inatosha. Wewe kaa nayo tu. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Baadaye niliamua mwenyewe kwamba "mtu" maana yake ni mtu baki, na mama mkwe si mtu baki. Unaona jinsi kichwa cha mpiga taipu kinavyofanya kazi.

Niliamua kwenda posta Alhamisi saa nane, bosi akishatoka. Saa nane Kericho, mvua inajua kazi yake. Ilishuka kama kawaida, mitaro ikajaa, na mwavuli wa ofisi ulikuwa umeondoka na bosi. Nikasimama dirishani nikaipima ile mvua, kisha nikajitazama kwenye kioo cha mkononi. Rola za usiku mzima, na dawa iliyonichoma mpaka nyuma ya masikio. Nikakaa chini.

Ndipo akaingia Bot Wesley. Gamboti miguuni, mwavuli mkubwa mweusi, chupa ya dawa ya ng'ombe ndani ya mfuko. Alikuwa amepitia tu kunisalimu.

"Chamgei, Sekretari."

"Chamgei mising, Bot Wesley. Karibu kiti."

Hapo ningemuuliza habari za ng'ombe, nikanyamaza. Lakini nilitaka ajue kwamba mimi ni mtu wa kutegemewa. Nikamwambia, "Nina shughuli yenu posta. Rael amenipa mamlaka."

"Mamlaka ya nini?"

"Kuna rejista ya Wesley."

Akaweka mwavuli chini taratibu. "Rejista ni kitu kubwa," akasema. Akatazama nje, akatazama kichwa changu. "Na hii mvua itaharibu nywele yako, na vile imekaa vizuri. Mimi napitia hapo posta. Si unipatie hiyo karatasi nikuchukulie? Si ni barua ya mtoto wangu?"

Ninajua ulichosema hapo. Umesema, mnyime. Kila ninayemsimulia husema hivyo hivyo, na mimi huitikia kwa kichwa, kwa sababu sasa nina akili.

Siku ile nilivuta kiti kwenye taipureta. Niliandika waraka ambao sijawahi kuandika mwingine mzuri kuuzidi. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, nikiwa nimeidhinishwa kikamilifu na mhusika mkuu, namwidhinisha mzazi wa mume wa mhusika huyo kupokea kwa niaba yangu na kwa niaba yake..." Nakala tatu, mihuri miwili kila nakala. Kisha nikamsomea. Hakuna aliyeniomba nimsomee.

"Kongoi, asante," akasema Bot Wesley. "Hata serikali haiandiki namna hii."

Nilifurahi mpaka nikamsindikiza hadi ngazini. Nilimpa kitambulisho cha Rael, taarifa ya posta, barua ya Rael na waraka wangu. Karani wa posta hakuwa na kosa lolote. Karatasi zilikuwa kamili, mimi ndiye niliyezikamilisha.

Harusini Jumamosi nywele zilikaa vizuri. Mtu mmoja alizisifu, shangazi yake bwana arusi, na yule mama macho yalikuwa yamemsumbua miaka mingi.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa Bot Wesley kuchukua bahasha, niiweke mpaka Rael arudi. Huo ndio uliokuwa mpango, nakuapia. Lakini nilipofika mlangoni nilikuta sebule imepangwa. Vitambaa vilivyofumwa viko kwenye viti, thermosi mbili za chai, mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, mkate umekatwa. Joseah, mdogo wake Wesley, alikuwa kwenye kochi. Huyo alikuwa kijana mzima asiye na kazi wala mke, na alingoja vyote viwili kwa utulivu mkubwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekuja na mkewe.

"Sekretari amefika," Bot Wesley akawaambia. "Sasa tutasikia."

Bahasha ilikuwa juu ya redio, haijafunguliwa. Akanipa pamoja na kisu cha mkate.

"Lakini hii ni ya Rael," nikasema. Nilisema hivyo, na mbinguni wameandika. Nilisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayekataa kipande cha pili cha nyama.

"Rael hayuko," akasema Bot Wesley. "Na wewe si uko na mamlaka?"

Neno langu mwenyewe, aliniletea kwenye sahani. Nikaweka kisu, nikafungua.

Zikatoka karatasi mbili, barua na fomu. Fomu niliiweka mezani bila kuitazama. Barua nikaishika mbali kidogo na macho, kama mhubiri, nikaanza.

Nikuambie siri moja ya kazi ya taipu. Inakufundisha kusoma bila kuelewa. Macho yanachukua, vidole vinapiga, na kichwa kiko sokoni kinanunua nyanya. Siku ile mdomo ulichukua nafasi ya vidole. Nilikuwa nikiisikiliza sauti yangu, jinsi ilivyo tamu, na maneno yenyewe yakapita.

"Mke wangu mpendwa Rael," nikasoma, "salamu nyingi. Mimi ni mzima. Mungu ametukumbuka. Nimepata nyumba ya kampuni, ya wenye familia, vyumba viwili na maji ndani. Lakini lazima wewe na watoto muwe mmefika kabla ya mwezi kuisha, na hii fomu ya ndoa iwe imesainiwa na chifu. Tukichelewa atapewa anayenifuata kwenye orodha, na zamu yangu itarudi baada ya miaka. Peleka fomu kwa chifu wewe mwenyewe. Usimwambie Mama mpaka uwe umeketi ndani ya gari na watoto. Ukimwambia atashikwa na presha kama ile ya mwaka juzi, na utabaki tena hapo kuchuna chai yake mpaka..."

Hapo ndipo kichwa kilirudi kutoka sokoni.

 Mke wa mzee wa kanisa alikuwa amenyanyua kikombe, akabaki nacho hewani. Nikakohoa. Nikasema mwandiko umeharibika, nadhani wino uliingia maji.

"Leta," akasema Joseah.

Joseah alisoma kwa kusimama kwenye kila neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Angekuwa msomaji wa haraka, lingepita na kuisha. Lakini lilikuja neno moja moja, na mimi nimekaa pale na kipande cha mkate mkononi.

"Na. Huyo. Rafiki. Yako. Wa. Taipu," akasoma Joseah. "Usimwambie. Pia. Ana. Roho. Nzuri. Lakini. Mdomo. Wake. Ni. Kipaza. Sauti. Cha. Kanisa."

Mzee wa kanisa akatazama dari. Wesley hakunionea, ingawa wakati barua hiyo inaandikwa nilikuwa bado sijafanya kitu. Mtu alikuwa amenisoma kutoka Thika, na mimi nilikuwa nimeishi na nafsi yangu miaka yote nisijisome.

Bot Wesley hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ile fomu mezani, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya sweta.

"Tumesikia salamu," akasema. "Kongoi, Sekretari. Kunywa chai."

Nikanywa. Ndiyo, nilikunywa, vikombe viwili. Hiyo ndiyo sehemu mume wangu haijui.

Jumatatu ningepanda gari kwenda Soin nikamwambie Rael. Ni safari ya asubuhi, na jioni ningekuwa nyumbani. Angerudi siku ile ile, angeweza kufika kwa chifu kabla ya mtu yeyote, angeandikia Thika kuomba fomu nyingine mapema. Badala yake nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya familia, yatatengenezwa na familia. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Nikakaa ofisini siku mbili nikipiga taipu barua za watu wengine, na sikukosea hata herufi moja.

Rael alirudi Jumatano. Alikuja moja kwa moja ofisini, vumbi la Soin kwenye viatu, mtoto amelala mgongoni.

"Iko wapi?"

Nikaanza kumwambia kwamba kulitokea hali isiyotarajiwa.

"Wacha hiyo Kiswahili ya ofisi," akasema. "Iko wapi?"

"Iko kwa Bot Wesley."

Alikaa kwenye benchi la wateja. "Imefunguliwa?"

"Ndiyo."

"Nani alifungua?"

Nikausogeza muhuri pembeni.

"Ulisoma kwa sauti?"

"Nusu. Joseah alimalizia."

Nilitaka alie, au anipige. Ningejua la kufanya. Hakufanya chochote kati ya hivyo. Aliniuliza Wesley alisema nini, na mimi nikamwambia, neno kwa neno, nyumba, fomu, mwisho wa mwezi. Ndivyo Rael alivyozipata habari njema alizozingoja tangu aolewe. Alizipata kwangu, zikiwa zimeshaharibika.

Alipofika nyumbani alikuta Bot Wesley kitandani. Presha.

Ulikuwa ugonjwa wenye adabu sana. Ulipanda wageni wakibisha hodi, ukashuka sahani zikifika. Akina mama wa kanisa walikuja kwa zamu kuimba na kuomba, na kila mmoja akiondoka alimshika Rael mkono akamwambia, "Mungu amekuweka hapa kwa sababu." Fomu? Mgonjwa hakukumbuka fomu yoyote. Karatasi zilikuwa nyingi siku ile, labda iliwashiwa moto.

Usiniulize kwa nini Rael hakubeba watoto akaenda tu. Mkwe anayeondoka mama mkwe akiwa kitandani, na kanisa zima limesimama mlangoni, harudi tena kwetu na uso. Na angeondoka na nini? Bila sahihi ya chifu, hapangekuwa na nyumba ya kufikia. Angelala na watoto kwenye chumba cha Wesley cha wanaume wanne.

Tulikwenda kwa chifu, mimi na yeye. Nilikuwa nimeandika waraka mwingine wa kueleza hali, kurasa mbili, muhuri kila pembe. Chifu aliusoma mpaka mwisho, nampa heshima yake. Kisha akasema hawezi kutia sahihi fomu ambayo haipo. Akamgeukia Rael.

"Na mama yenu mgonjwa, unataka umwachie nani?" akauliza. "Huyu wa taipu?"

Habari ilikuwa imeshafika kwake. Kumbe kipaza sauti hakikuwa mimi peke yangu katika nchi ile, lakini jina lilikuwa limepata mwenyewe.

Rael alimwandikia Wesley kwa mkono wake mwenyewe. Barua ilikwenda, fomu mpya ikatumwa, ikafika mwezi mpya ukiwa na siku nne ndani. Nyumba ilikuwa imepewa mtu aliyefuata, mwenye mke na watoto walioandikwa vizuri. Siku ya tano Bot Wesley aliamka, akauliza gamboti zake ziko wapi.

Mimi nilipoteza vitu vidogo vidogo. Bosi alisikia jinsi muhuri wake ulivyotumika, akaufungia kwenye dawati lake. Wateja wa Kapsoit walianza kupeleka barua zao kwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye taipureta isiyo na herufi R. Kwaya ilinipa jina, na mpaka leo kuna mtu akiniona huko huniita Kipaza. Najibu. Nimezoea.

Rael hakugombana nami. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tulipokutana njiani alinisalimu kwa mikono miwili, vizuri kabisa, akauliza habari za nyumbani, akapita. Alikuwa akinisalimu jinsi tunavyomsalimu mke wa mchungaji mgeni. Nilijaribu kumwomba msamaha mara tatu. Mara zote alisema, "Hiyo imeisha," na akabadilisha mzigo bega.

Krismasi ya pili baada ya hapo nilijikaza. Nilinunua mikate miwili na kilo mbili za sukari, nikaenda kwao nimwombe Wesley msamaha mbele ya mke wake, na kama ni kusemwa, nisemwe mara moja. Nilikuta familia nzima imekaa uani, jua limetoka, Joseah anachonga mpini wa jembe. Wesley alikuwa bado hajafika. Nikapewa kiti, nikangoja na mikate yangu magotini.

Alifika kabla ya saa sita. Shati jipya, begi begani, na mkononi viatu vidogo vyekundu vya mtoto, vimefungwa pamoja kwa kamba. Mtoto mkubwa alimkimbilia. Wesley akamnyanyua, akamweka chini, kisha akachuchumaa, akamnyooshea Cherono vile viatu.

"Cherono. Njoo kwa baba."

Mtoto alikuwa anakaribia miaka mitatu. Alimtazama yule mtu, akatazama viatu. Uso wake ukakunjamana. Akageuka akakimbia kwa miguu yake mifupi, akamkumbatia Joseah gotini.

"Baba," akamwambia Joseah, "kuna mtu."

Watu walicheka. Bot Wesley alicheka kuliko wote, akafuta macho kwa leso. "Watoto wanaogopa wageni," akasema. Joseah alicheka kidogo, kisha akaona uso wa kaka yake akaacha. Wesley alibaki amechuchumaa, mkono umenyooka, viatu vinaning'inia. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kukaa hivyo bila kuumia magoti.

Rael alitoka jikoni na kikombe cha chai. Alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Alikuja mpaka nilipokaa, akanipa kile kikombe kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtu anayemkaribisha mgeni.

"Umeona?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Basi na hiyo wasomee watu."

Sikuomba msamaha siku ile. Niliacha mikate kwenye kiti nikaenda nyumbani.

Nyumba walipata baadaye, miaka minne baada ya ile ya kwanza. Rael aliondoka mchana, watoto mbele, hakuna aliyeugua. Nasikia Cherono alichukua muda mrefu kabla ya kumwita Wesley baba, na kwamba mwanzoni alimwita "yule". Sikuuliza zaidi.

Kwa hiyo wewe uliyepewa karatasi ya mtu, au ufunguo wake, au jina lake ulibebe kidogo tu, nisikilize mimi niliyeharibu. Usitafute mwingine wa kukusaidia kulibeba, hata awe mama mzazi, hata awe mzee wa kanisa, hata akusifu vipi. Usilifungue kuona kama ni zito. Na ukishakosea, usikae ukingoja mwenyewe arudi. Akiwa Soin, nenda Soin.